Namba Juu ya Kila Ukurasa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Barua ya wafadhili imefika! Nimemsomea Denise, mke wangu, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Wanataka kusaidia maktaba moja tu ya Kalemie. Moja! Itakayojua kunumeriza vitabu vyake ndiyo itakayopata mitambo ya sola, meza mpya na mshahara wa mkutubi. Mkutubi wa maktaba yetu ni mimi, Prospère Numbi. Mshahara nausikia tu kwa watu.

Sharti: kila maktaba ioneshe mfano. Kitabu kimoja adimu, kilichoandikwa kwa mkono, kinumerizwe ukurasa kwa ukurasa, na kazi ionekane wazi. Mjumbe wao, Madame Éliane, atakuja kukagua Jumamosi.

Denise ameuliza kunumeriza ni kufanya nini hasa. Nimecheka. Neno linajieleza lenyewe! Numéro, numériser. Kutia namba. Amesema hata hivyo niulize mtu, kuuliza si ujinga. Kwa watu wengine, sawa. Mkutubi akianza kuzunguka mjini akiuliza maana ya maneno, si bora akauze sabuni?

Jumanne, 10 Juni

Kitabu adimu kimepatikana! Jirani yetu Mama Zaina amekileta mwenyewe, kimefungwa ndani ya kitenge. Kiliandikwa na baba yake, marehemu Mwalimu Ramazani, kwa Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu. Upepo wa ziwa unavuma lini, dawa gani inatuliza homa, nani kazaliwa, nani kafariki. Nakala nyingine hakuna. Wajukuu wake wako Kigoma na Lubumbashi, hawajawahi kukitia machoni.

Mama Zaina haoni vizuri siku hizi. Lakini amepapasa karatasi na kunionesha ukurasa wenye jina la mama yake, Mouna, ambaye alifariki akimzaa yeye. Hakuna picha ya huyo mama. Hakuna hata kaburi linalojulikana. Kuna jina hilo tu, kwa mkono wa mumewe.

Akaniuliza: "Papa Prospère, hamutaiumiza?"

Nimeapa. Nimeweka mkono kifuani kabisa. Nimesema kila ukurasa utanumerizwa na wajukuu watafurahi. Akaniombea dua ndefu. Nilijiona mtu mkubwa.

Jumatano, 11 Juni

Kazi! Kalamu ya kawaida haikufaa, maana barua imesema kazi ionekane wazi. Nimeazima kwa wauza saruji ile kalamu nene wanayoandikia magunia yatokayo kiwanda cha Kabimba. Wino wake haufutiki hata kwa mvua. Hiyo ndiyo kalamu!

Nimeanza na rafu zetu. Kila mgongo wa kitabu namba yake. Kisha kitabu cha Mwalimu Ramazani. Pembeni hapakuwa na nafasi, mzee alijaza karatasi mpaka ukingoni, basi namba nimeziweka katikati. Kubwa. Nzuri. Nina mwandiko wa kuheshimika.

Wino umepenya kidogo upande wa pili. Si kitu. Namba inasomeka mara mbili.

Alhamisi, 12 Juni

Nimevuka mto Lukuga kumpeleleza Wilfried. Huyu ni mkutubi wa maktaba ya ng'ambo, mtu wa tai hata kwenye joto. Nimejifanya natafuta mikebuka, samaki wa ziwani, wa kununua, nikapita dirishani kwake polepole.

Maskini Wilfried! Amefunga simu juu ya kigoda, taa huku na huku, na anapiga picha vitabu. Ukurasa mmoja, picha. Ukurasa mwingine, picha. Utadhani maharusi! Namba hata moja hajaandika. Nimetamani kumhurumia, lakini furaha ilinizidi.

Nimemwandikia Madame Éliane ujumbe kwenye simu, kwa nia njema tu. Kwamba kwa heshima zote mwenzangu hanumerizi, anacheza na picha, na fedha za wafadhili zisipotee kwa mambo ya studio. Denise amesema nimefanya uchawi mdogo. Nimemwambia huu ni uwazi.

Jumamosi, 14 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Watu walijaa. Mama Zaina alikaa mbele, kitenge kipya, manukato. Wilfried naye alikuja, na tai. Madame Éliane akaniomba nimwoneshe faili. Nikaonesha rafu kwa mkono mpana. Akatazama zile namba, akatazama dari, akauliza tena kwa upole: faili ziko kwenye mashine gani? Nikadhani hajaona vizuri. Nikafungua kitabu cha Mwalimu Ramazani mbele ya wote, nikakiinua juu kama padri anavyoinua Injili.

Watu wakanyoosha shingo.

Madame alifunika mdomo. Wilfried ndiye aliyesimama. Angenicheka, ningepona. Hakucheka! Aliongea taratibu, kama kwa mgonjwa, kwamba kunumeriza si kutia numéro. Ni kupiga picha kila ukurasa na kuihifadhi kwenye kompyuta, ili kitabu chenyewe kisiguswe tena. Kisiguswe tena! Halafu Madame akasema kwamba sasa ameuelewa ule ujumbe wangu wa mambo ya studio. Wilfried akauliza ujumbe gani. Madame akampa simu, akausoma.

Na bado. Papa mmoja, mzee wa msikitini, akachungulia, akasema kwamba hata hizo namba ziko kinyume. Kitabu cha herufi hizi hufunguliwa kutoka kulia. Namba moja yangu imekaa juu ya dua ya mwisho.

Mama Zaina alikuwa anageuza shingo huku na huku, akitafuta kwa nini watu wamenyamaza. Akaomba apewe kitabu chake. Akapapasa. Akanusa.

"Wino ya nani hii?" akauliza. "Nani ameandika mu kitabu ya baba?"

Akafika kwenye ukurasa anaoujua kwa vidole, akamwomba huyo papa wa msikitini amsomee jina la mama yake. Papa akainamisha kitabu kwenye mwanga, akakigeuza, akakiinamisha tena. Akasema jina halisomeki, namba yangu imelala juu yake.

Nilitamani ardhi ipasuke. Sakafu yetu ni ya saruji nzuri, haikupasuka.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda misa. Nimesema naumwa tumbo. Denise amesema tumbo langu liko usoni, watu wote waliliona. Nimelala nimegeukia ukutani. Kila nikifumba macho naona vidole vya yule mama vikitafuta jina. Mimi nina aibu. Aibu mpaka kwenye kucha. Niliapa kwa mkono kifuani!

Mchana nikapata wazo. Javel! Dawa inayotoa madoa ya mashati inashindwaje na namba? Nimejaribu kwanza kwenye kitabu chetu cha jiografia. Namba haikutoka. Kongo Mashariki ilitoka. Denise amechukua chupa ya javel, ameificha, na amesema nikiigusa tena atanifua mimi.

Jumatatu, 16 Juni

Denise amenisukuma, nimekwenda. Nilibeba sukari na mchele. Mlangoni kwa Mama Zaina nilisimama mpaka mbuzi wa jirani akaanza kunizoea.

Nilikuwa nimepanga hotuba. Lugha ngumu, barua isiyoeleweka, wauza saruji na kalamu zao. Alinipa chai, akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema: "Miye sina hasira na weye. Nasikia tu haya mbele ya baba. Aliniachia kitu moja, miye nikaitoa."

Yeye ndiye anayeona haya! Nililia. Nililia vibaya, kwa kamasi, kikombe mkononi. Akanipa ncha ya kitenge chake nijifute. Akasema wajukuu hatawaambia ni nani aliyefanya. Hapo nikalia upya.

Nimeapa tena, safari hii kimoyomoyo, kwamba sitafanya lolote nisilolielewa.

Jumatatu, 23 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Barua ya Madame Éliane. Ruzuku kubwa amepata Wilfried, sawa, na tai yake. Lakini wafadhili wameguswa na kitabu cha Mwalimu Ramazani. Wametoa fedha maalumu kwa ajili ya restauration yake. Na wamenikabidhi mimi! Ni Mama Zaina mwenyewe aliyemwomba Madame anipe hiyo kazi, ili niache kujificha mbele ya watu. Nimesoma hapo mara nyingi, macho yanauma.

Na neno hili nalijua! Hakuna semina Kalemie isiyo na restauration. Ndiyo sababu watu wanakwenda semina. Wali, nyama, soda, mtu wa kugawa sahani. Sikuhitaji kumuuliza mtu yeyote.

Barua inasema Jumamosi atakuja mtaalamu kutoka Kinshasa. Mpishi anayekuja kwa ndege! Anaomba meza kubwa na safi, mahali pasipo upepo. Bila shaka, vumbi lisiingie chakulani. Anakuja na brashi laini, gundi na karatasi nyembamba sana. Hizo sijazielewa, lakini wapishi wa Kinshasa wana mambo yao. Fedha nilipewa ninunue vifaa atakavyovitaja kwa simu. Nimemwokoa na gharama ya simu, nimenunua mwenyewe.

Ng'ombe! Mzima, wa Pepa, wale wanaokula majani ya milimani. Ameshaanza safari. Fedha yote imekwenda kwake na imetosha sawasawa. Mtaa mzima utakula kwa heshima ya Mwalimu Ramazani. Denise ameniuliza kama nina hakika, kama hiyo gundi si ya kutengenezea kitabu. Amesema nimpigie Wilfried. Wilfried! Yeye amepata mashine, mimi nimepata ng'ombe, kila mtu na lake.

Jioni nimekwenda kumwalika Mama Zaina. Alifurahi. Akauliza Jumamosi aje na kitabu saa ngapi, maana amekwisha kukitoa sandukuni, kiko tayari.

Nimemwambia akiache nyumbani, kisije kikamwagikiwa mchuzi.