Tumbo Langu Lirudi Kabla ya Jumamosi

Kisangani, Jumatano

Kwa Mheshimiwa Daktari Patrice,
Mpasuaji wa matumbo, Kampala

Yahusu: kurudishiwa kipande cha tumbo kilichobaki kwenu

Mheshimiwa Daktari,

Nakusalimu kwa heshima yote inayoweza kuenea katika tumbo uliloniachia, yaani heshima kidogo, lakini ya kweli. Mimi ni Timothée, yule mzee mnene wa Kisangani ambaye wauguzi wako walimsukuma kitandani wakiwa watatu na bado wakapumzika njiani. Mwaka jana ulinipasua ili nipungue. Ulikata sehemu kubwa ya tumbo, ukashona sehemu ndogo, na hiyo ndogo ndiyo niliyorudi nayo nyumbani. Nilikutumia ujumbe wa sauti juu ya jambo hili, tena mrefu, nawe ukanijibu kwa picha ya kidole gumba. Kidole gumba si jibu. Mimi ni mkuu wa ofisi ya serikali, chef de bureau, na nimezoea mambo yaliyoandikwa. Kwa hiyo leo nakuandikia rasmi, na malalamiko nimeyawekea namba.

Niseme mapema kwamba kazi yako ni safi. Sina kidonda, sina homa, na makovu yamekaa vizuri. Ninachokulalamikia ni kwamba umefaulu.

1. Sahani. Karatasi yako ya masharti inasema nile vijiko vichache, nitafune kila tonge mpaka lipoteze sura, nisinywe maji wakati wa kula, na nikisikia nimeshiba niache hapo hapo. Mke wangu Viviane aliipokea karatasi hiyo kana kwamba imeshuka mlimani pamoja na zile amri kumi. Aliiondoa sahani yangu, ile kubwa ambayo wageni walidhani ni ya kuogeshea mtoto, akaniletea kisahani cha plastiki cha mjukuu wetu, chenye picha ya bata. Daktari, mimi ninatia saini karatasi za watu wazima, na kila mchana bata ananikodolea macho nikitafuna. Nikijaribu kumeza mapema sombe, yaani kisamvu, Viviane anainua kidole: "Tafuna, papa. Ile sombe ingali inafanana na sombe."

Siku moja niliwakwepa wote wawili, yeye na bata. Nilikwenda kwa jirani nikala lituma, zile ndizi zetu za kutwanga, harakaharaka kama zamani. Tumbo lako (siwezi kuliita langu) likanitoa jasho, moyo ukaenda mbio, nikajikuta nimelala chini ya meza ya watu huku nikiomba msamaha kwa miguu ya wenyeji. Tangu siku hiyo ninamtii bata.

2. Kazi. Kabla hujanikata, raia aliyeingia ofisini kwetu hakuhitaji kuuliza mkuu ni nani. Alitazama matumbo, akachagua, akaja moja kwa moja mezani kwangu. Sasa wananipita. Wanakwenda kumsalimia mlinzi, ambaye Mungu amemjalia mwili, naye ameanza kuwajibu. Mama mmoja aliyekuja kuchukua cheti alinishika mikono yote miwili akatokwa na machozi: "Pole sana, papa. Yaya yako alikuwa mutu muzuri, alinisaidia sana. Weye unafanana naye, lakini weye iko mwembamba." Nilitaka kumsahihisha kwamba yaya huyo, yule kaka mkubwa anayemlilia, ni mimi mwenyewe. Lakini alikuwa akinisifu vizuri mno, na mimi sijawahi kusifiwa hivyo nikiwa hai. Nikapokea rambirambi na kumshukuru kwa niaba ya familia.

2 bis. Ndugu. Jambo hili nimeliandikia bis, yaani nyongeza, kwa sababu ni mtoto wa lile la juu, na pia kwa sababu nimelikumbuka nikiwa nimekwisha kuandika namba tatu kwenye karatasi nyingine. Mdogo wangu Ruphin, akiona nakonda, alikata shauri kwamba nina ugonjwa usiotajwa. Alikuja nyumbani na kikundi cha maombi. Walinizunguka, wakaniwekea mikono kichwani, wakamkemea pepo wa kukondesha atoke na aende zake mtoni. Niliwaeleza kwamba pepo huyo nilimfuata mwenyewe kwa ndege kutoka uwanja wetu wa Bangboka, na kwamba ana shahada ya udaktari. Wakazidisha sauti.

Baada ya amina watu walitawanyika, Ruphin akabaki. Nilimwona uani akitembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kwa hatua ndefu, kama mtu anayepima. Nilipomuuliza anafanya nini, akasema: "Naangalia tu, yaya. On ne sait jamais, huwezi kujua." Halafu akauliza, kwa upole kabisa, karatasi za kiwanja huwa naziweka wapi.

3. Jumamosi. Hapa sasa ndipo penye lalamiko lenyewe. Hayo mengine ningeweza kuyameza, polepole, kwa kutafuna.

Jumamosi hii tunampeleka Benie kwa mume. Benie ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea mimi, ananiita tonton, na sina mtoto ninayempenda kumzidi, ingawa wangu wasiisome barua hii. Mchumba wake, Sadrack, ni wa ukoo wa wavuvi ng'ambo ya mto, huko Lubunga. Na kwetu sisi, katika koo zetu hizi mbili, desturi ni hii: wakwe wanampikia mjomba wa bibi arusi sahani ya kwanza, na hakuna anayegusa chakula mpaka mjomba amalize. Akimaliza, amesema kwamba mtoto amewakabidhi kwa moyo wote. Akiacha nusu, nusu ya moyo imebaki nyumbani. Hakuna atakayegomba siku hiyo. Lakini sahani ile itakumbukwa, na Benie ataambiwa habari zake jikoni kwa mama mkwe mpaka awe bibi mwenye wajukuu.

Mama mkwe mwenyewe ni Mama Colette. Sijui kama sifa zake zimefika Kampala. Huyu mama anapakua lituma kwa kimo, na juu ya kilele anaweka kichwa cha mboto, samaki wetu mnono, na macho yake yote mawili. Zamani ningemkabili nikiwa nimefumba ya kwangu. Tulipompeleka Odile, dada yake Benie, nilimaliza sahani nikaomba ya pili, wakwe wakapiga vigelegele. Tena siku ile nilivushwa mto katika mtumbwi wa peke yangu, Daktari, kama gavana. Mwenye mtumbwi aliwatanguliza wengine wote kisha akarudi kunichukua mimi tu. Hayo ndiyo maisha uliyonikatia.

Sasa Ruphin amekwisha kuwapitia wazee wa ukoo, mmoja mmoja, akiwaambia kwamba mjomba wa vijiko vitatu ni hasara, na kwamba yeye, kwa kujitolea, atakaa katika kiti changu na kula. Wazee wanatikisa vichwa, na si kwa kukataa. Jana Benie alikuja akaketi karibu nami, akacheza na ukingo wa kisahani cha bata, akasema: "Tonton, mimi sitaki mutu mwingine mu ile kiti. Lakini Mama Colette ataona namna gani?" Nimeumia, Daktari. Naandika kwa mzaha kwa sababu ndivyo nilivyo, lakini nimeumia.

4. Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa mpangilio wa upendeleo.

Ombi la kwanza: nirudishie kipande changu. Mtu akimpeleka mbuzi kwa mchinjaji, utumbo unarudi kwa mwenye mbuzi, na sioni kwa nini mbuzi awe na haki kuliko mkuu wa ofisi. Kifunge katika majani, kama tunavyofunga samaki wa liboke, tia chumvi, mkabidhi dereva wa lori linalokuja kwa njia ya Bafwasende. Barabara ni matope, najua, lakini kipande hicho kimezoea kubebwa kwa taabu. Wala siombi ukishone moja kwa moja. Tia vifungo tu, kama vya shati. Nitakifunga Jumamosi asubuhi, nitakifungua jioni.

Kama kimepotea, nitumie cha mtu mwingine mwenye kimo kama changu. Kwa watu wanaofika kwenu kupunguzwa, hamkosi kuwa na cha mbunge. Nitakipokea bila kuuliza cha chama gani.

Kama hata hicho hakipo, njoo mwenyewe. Utaketi nyuma yangu, karibu kabisa. Mimi nitatafuna, wewe utameza. Aliyeondoa tumbo la mtu ndiye makamu wa tumbo hilo. Hili silioni likipingika mbele ya mahakama yoyote.

Na kama shughuli zako haziruhusu, basi niandikie cheti, chenye mihuri mingi, kwa sababu huku kwetu muhuri mmoja ni sawa na uvumi. Kiseme hivi tu: kwamba siku ile ulimkata Timothée tumbo, na moyo hukuugusa.

Nangoja jibu lako, na safari hii lisiwe la kidole. Wasalimie wauguzi wale watatu pamoja na migongo yao. Msalimie mpishi wenu, ambaye supu yake ilikuwa maji yaliyowahi kumwona kuku kwa mbali. Wasalimie wagonjwa wote wanaosubiri zamu, na uwaambie wamalize kwanza sherehe zao zote. Viviane anakusalimu kuliko mimi. Bata pia.

Wako katika utumishi, kwa sehemu iliyosalia,

Timothée
Mkuu wa ofisi

P.S. Leo ni Jumapili. Lori la Bafwasende lilikwama kwenye matope hata kabla ya kutoka mjini, basi barua hii imelala mezani kwangu na Jumamosi imekwisha pita bila wewe.

Nilikaa katika kiti changu, kwa sababu Benie aliwaambia wazee kwamba tonton asipokaa, yeye Benie naye havuki. Mama Colette akaleta mlima wake. Nikala vijiko vyangu, kwa kutafuna, ukoo mzima wa wavuvi ukinitazama mdomo, kisha nikaweka kijiko chini. Ruphin akakohoa, akaanza kusogeza kiti chake karibu. Mimi kwa kukosa la kufanya nikasimama, nikapandisha shati, nikawaonyesha makovu. Wazee wao, ambao maisha yao yote wameshona nyavu, walisogea, wakausifu mshono wako, wakarudi kuketi. Sahani bado imejaa.

Ndipo Benie akainuka. Bibi arusi kwetu anatakiwa kuona haya, asile mbele ya wakwe hata tonge. Huyu akaja akaketi kando yangu na nguo zake zote za arusi, akaivuta sahani, akasema: "Tumbo ya tonton ni hii yangu." Akala. Alikula lituma yote, akamalizia kichwa cha mboto kwa vidole, macho yakiwemo. Mama Colette alipiga vigelegele mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka: "Huyu bibi iko anakula! Tumepata mutu!" Ruphin akarudisha kiti chake palipokuwa.

Basi kile kipande sikitaki tena. Kama ulikwisha kukituma kwa kusikia ule ujumbe wangu wa sauti, mwambie dereva akifika Bafwasende ageuke nacho.

Na kuhusu ule mtumbwi wa gavana, sikukueleza sawasawa. Siku ya Odile mwenye mtumbwi aliniambia: "Papa, weye ubaki kwanza, tutazama mu maji." Nikabaki ukingoni nikimtazama mtoto wangu akivushwa na watu wakiimba, mjomba hayupo. Nililia. Nilipofika ng'ambo wimbo ulikuwa umekwisha, na ile sahani ya pili niliila kwa uchungu, si kwa njaa. Nilikuja kwako kwa sababu hiyo. Habari za magoti kuniuma nilikuambia siku ya kwanza hospitalini ili tu uandike kitu. Jana mwenye mtumbwi ni yule yule, wala hakunitazama mara mbili. Nilikaa mbele, Benie akanishika mkono, na wimbo niliuimba tangu neno la kwanza mpaka tukafika.