Malalamiko ya Mume wa Ernesta Kuhusu Kuzuiwa Uwanjani

Mamba, Same

Kwa Kocha wa timu ya wanawake ya mpira wa wavu

Mwalimu wangu Eliufoo, shikamoo.

Na isitoshe, sikuwa nimemaliza. Jana ulipopanda bodaboda nilikuwa bado naeleza, na maneno yangu ya mwisho yaliishia kwenye vumbi. Ndiyo maana naandika, kwa utulivu kama ulivyotufundisha kidato cha pili, kupinga agizo lako kwamba nisikanyage uwanjani Same Jumamosi, timu yetu itakapocheza fainali na Ndungu. Umesema nikionekana tu, mke wangu Ernesta anakaa benchi. Mwalimu, tumeoana juzi. Mpaka leo nikimwona anafunga kamba za raba nasahau nilichokuwa nafanya. Sisi Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi, lakini hii hata mtu mpole wa Pwani angeifungua.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kujiamini. Unawaambia wachezaji kwamba mtu hujiamini akijua yupo anayemwamini. Sasa nani anamwamini Ernesta kuliko mimi? Ni kweli siku ya mechi na Hedaru nilisimama nyuma yake akianzisha mpira, nikamwambia taratibu, "Mke wangu, umependeza." Ni kweli aligeuka. Ni kweli pia mpira ulimpata mwamuzi begani. Lakini huko si kukosa kujiamini. Huko ni kujiamini kulikozidi, na mwamuzi naye alikaa karibu mno.

2. Mshikamano. Wakipata pointi wanakumbatiana, wakikosa wanakumbatiana. Nahodha Shamsa alipiga mpira ukaenda kulala kwenye migomba, mke wangu akamkumbatia na kumwambia, "Usijali dada, unaofuata ni wetu." Mimi wiki hiyohiyo nilivunja jembe la mke wangu, na sikukumbatiwa. Nilipoomba niingie kwenye duara lao, Shamsa akanijibu mbele ya watu, "Shemeji, duara hili ni la wanaoruka. Wewe rudi kwenye shamba lako la tangawizi." Wote wakacheka, na aliyecheka kuliko wote ni mke wangu. Anacheka vizuri sana, Mwalimu. Hata hivyo nalalamika.

3. Makande. Ulisema tangu aolewe haruki kama zamani. Nikaona dawa ni chakula, maana kwetu bi harusi hulishwa, na akikonda aibu ni ya mume. Nikapika makande, nikayatia maziwa, nikaleta sufuria nzima uwanjani kabla ya mechi. Kwa heshima, alikula. Kwa upendo, akawagawia wenzake. Kwamba seti ya kwanza hakuna hata mmoja aliyefika juu ya wavu, si haki kunilaumu peke yangu. Mahindi yalitoka kwa mama mkwe.

4. Kutoka hapo nimegundua tatizo lenyewe. Uwanjani wapo wachezaji sita, na aliyeolewa ni mmoja. Timu itakuwaje sawa ikiwa upendo wote umeegemea kwa mchezaji mmoja? Naomba basi hao watano nao waolewe kabla ya Jumamosi. Binamu zangu Aminieli na Daudi wapo tayari, wana mashamba na tabia njema. Wachumba wengine tutatangaza kanisani, na wa Shamsa msikitini. Siku ya fainali waume tujipange kwenye mstari, kila mmoja nyuma ya mke wake. Ndungu wakituona watajua wanacheza na koo sita. Ikishindikana, nisajili mimi. Siruki, lakini nakumbatia.

Nisalimie mama, wajukuu, wachezaji wote akiwemo Shamsa, na mzee Rashidi anayefunga wavu. Nitafika nyumbani kwako kabla ya mwezi huu kuisha kufuatilia majibu.

Ni mimi mwanafunzi wako wa zamani, ambaye sasa ni mume wa Ernesta,
Anderson

N.B. Ernesta ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Amekuja kukaa karibu nami, akaniambia agizo si lako. Ni yeye aliyekuomba. Anasema nikiwepo anacheza ili nimwone, nisipokuwepo anacheza ili washinde, na fainali hii ameitamani tangu yuko shule, kabla hajanijua. Nimetafuta hoja ya tano, nimekosa. Basi Jumamosi nitabaki huku Mamba nachimba tangawizi, simu ikiwa na chaji. Naomba mtu anipigie kila seti ikiisha, ila asiwe yeye, yeye apumzike. Safari ya kuja nyumbani kwako kabla ya mwezi kuisha iko palepale, isipokuwa tutakuja wawili, na atakayesimulia fainali ni yeye.