Chiriku, Mama Mkwe na Mito ya Sofa

Jumatatu, 3 Machi

Leo Chiriku ametimiza miaka saba mikononi mwangu. Nimemuosha kabla ya kwenda kazini, nikampaka nta hadi kwenye bawa la nyuma, nikauona uso wangu kwenye boneti. Uso wa mtu aliyeridhika. Gari dogo, jekundu, milango miwili, gia sita, limekaa chini kama paka anayevizia. Kila asubuhi tunakwenda pamoja ofisi ya bima, naye huimba njia nzima. Foleni ni mateso kwa wenye magari ya kawaida. Mimi hata nikiwa nimesimama naonekana nina haraka.

Jioni, msiba. Mke wangu alisema mama yake anakuja Jumatano kutibiwa goti. Atakaa nasi wiki mbili na siku kadhaa, na siku yake ya kliniki ni Ijumaa. Kisha akasema, kwa sauti ile anayowasomeshea watoto hesabu shuleni, kwamba gari liuzwe. Amechoka kuingia garini kama anayeshuka kisimani. Jirani yetu Dalali, anayeuza magari ya watu, tayari ana mnunuzi. Tena ana gari refu la kijivu la kutuuzia sisi.

Dalali! Yule ambaye tangu tuhamie hapa humwangalia Chiriku kwa jicho la mpishi aliyeona kuku.

Nilibembeleza. Nilikosa hamu ya kula, nikahakikisha inaonekana. Mwishowe tukapatana. Nimchukue mama stendi, nimpeleke kliniki, nimrudishe. Asipolalamika hata mara moja, Chiriku anabaki. Akilalamika, Jumapili Dalali anapewa ufunguo.

Kulalamika? Mama mkwe wangu mwenye adabu zake? Nimeshashinda.

Jumanne, 4 Machi

Sijashinda. Nimekumbuka viti.

Viti vya Chiriku vinakumbatia mbavu, ndiyo raha yake. Sasa mtu mzima mwenye goti bovu akizama mle, nani atamtoa? Mke wangu yuko shuleni hadi jioni. Mimi? Nimshike mama mkwe makwapani nivute, majirani wakitazama? Afadhali nihame mtaa.

Mchana nikaenda kwa fundi, nikamwomba amwinue Chiriku kidogo. Fundi alicheka hadi akakaa juu ya tairi. Alinikumbusha kwamba springi za Chiriku alizikata yeye mwenyewe kwa msumeno wa umeme ili akae chini, baada ya kunikataza mara tatu, nami nikamwambia gari ni langu. Springi iliyokatwa hairudi. Mpya zinaagizwa, zitafika mwezi ujao.

Mwezi ujao! Watu hawana mipango kabisa.

Lakini kichwa hiki si cha kufugia nywele. Kama gari halipandi, basi apande abiria. Nimechukua mito miwili ya sofa nikaipanga kitini, nikaijaribu mwenyewe. Safi sana, ila shingo ilipinda na nikawa naona magoti yangu badala ya barabara. Mama atazoea.

Mke wangu aliuliza mito ya sofa iko wapi. Nikasema nimeianika juani. Alichungulia dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jumatano, 5 Machi

Nilisahau mambo mawili: mama mkwe ni mrefu, na hatoki bila kilemba.

Kutoka stendi kilemba kilifagia dari. Kila nikipita tuta, kilishuka machoni. Kila kikishuka, mama alisema Mungu yupo. Nimelipima neno hilo kwa kila upande. Si lalamiko.

Tulipofika getini akaniomba nimpe mkono. Nikampa vidole viwili, kwa heshima. Alivuta, nusura niingie mle ndani naye. Mito ikateleza, mama akazama, na kwa nje kikabaki kilemba tu. Sikujua la kufanya, nikamletea chai. Akaipokea. Akanywa chai garini, getini petu, huku akisalimia kila anayepita na kuulizia watoto wake.

Dalali akatokea na mkewe. Mkewe alimtoa mama ndani ya dakika chache, Dalali akiwa ameshika kikombe. Halafu Dalali akamzunguka Chiriku taratibu, akampapasa bampa, akaniuliza nilibadilisha oili lini. Ufidhuli!

Jioni mke wangu alimuuliza mama safari ilikuwaje. Mama alisema alisafiri vizuri na chai ilikuwa tamu. Mke wangu akanigeukia na kuuliza chai gani.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mpya. Nimenunua mkanda mnene wa kufungia mizigo. Unafungwa kwenye kile kishikio cha juu ya mlango, mama anashika, anajivuta mwenyewe. Heshima yake imebaki, na yangu pia.

Nikaujaribu kwa nguvu zangu zote. Kishikio kiling'oka, kikaja na kitambaa cha dari na taa ndogo ya ndani. Nikapaka gundi. Kopo linasema kisiguswe hadi Jumamosi.

Nikafikiria kigoda cha jikoni. Hakiingii kwenye buti, kwa sababu ndani kuna spika kubwa. Kuiondoa spika? Kuna mambo mtu hafanyi.

Dalali alikuwa ameegemea ukuta akitafuna karanga. Alinijulisha kwamba gari lake la kijivu ukifungua mlango ngazi inatoka yenyewe. Hakuna aliyemuuliza.

Ofisini nilipokea madai ya mtu aliyevunja kioo cha gari lake kwa kichwa chake mwenyewe. Nikaandika kwamba chanzo ni uzembe. Watu wengine sijui hufikiria nini.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya siku! Nimechoka lakini lazima niandike.

Tulifika kliniki bila mito, bila mkanda, bila kigoda. Mbele ya mlango pana tuta. Nimewahi kuona matuta, lakini lile lilijengwa na mtu mwenye chuki. Chiriku alipanda magurudumu ya mbele, akalala kwa tumbo, akagoma. Mlinzi alishauri abiria ashuke ili gari liwe jepesi. Abiria hashuki, ndiyo shida yenyewe! Basi wakasukuma: mlinzi, mwuza magazeti, na mgonjwa mmoja mwenye mkono wa plasta aliyesukuma kwa ule mzima. Chiriku alivuka kwa kelele ambayo nitaisikia hadi kaburini. Nikaona mambo yamekwisha. Nikageuka kumwomba mama radhi.

Mama alikuwa analia. Kwa kucheka! Aliuliza kama tutapita hapo tena wakati wa kurudi.

Ndani, muuguzi wa mazoezi alimfundisha kushuka garini. Unageuka ukiwa umekaa, unatoa miguu yote miwili pamoja, unashika mlango, unasimama. Basi! Mito, mkanda, gundi, chai, na kumbe dawa ni kugeuka. Kwa kweli niliumia kidogo.

Njiani aliuliza kile kitufe chekundu kina kazi gani. Nikamweleza kwamba kinampa Chiriku hasira. Akakibonyeza. Chiriku akanguruma, mama akapiga makofi. Alisema marehemu baba mkwe aliendesha maisha yake yote kama aliyebeba mayai, naye akakaa pembeni miaka yote hiyo akitamani mtu akanyage mafuta. Nikakanyaga. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu siku nilipolinunua gari hili. Nyumbani alishuka mwenyewe kabla sijazima injini.

Akamwambia mke wangu kwamba safari ilikuwa nzuri mno. Hakuna lalamiko. Chiriku anabaki!

Jumamosi, 8 Machi

Mtu mwenye akili angetulia. Mimi nina akili zaidi.

Dalali anasema mnunuzi wake atakuja kesho hivyo hivyo, kuangalia tu. Hakuna mtu anayekuja kuangalia tu. Atatoa bei nzuri, mke wangu atapiga hesabu, na hesabu ndiyo kazi yake. Lazima Chiriku aonekane mbovu, kwa siku moja.

Nimechomoa fyuzi ya pampu ya mafuta. Kidude chenyewe ukubwa wa kucha. Bila hicho, hata uwashe hadi betri ilie, injini haiwaki. Nimekificha ndani ya mto wa sofa, nikafunga zipu. Mito imesharudi mahali pake, hakuna atakayeishuku tena.

Nimelala mchana kutwa. Usingizi wa mshindi.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya chai ya asubuhi mama alizungumza. Alisema gari hili lisiuzwe. Linachangamsha damu, na kushuka anajua sasa. Mke wangu ni mtu wa haki. Alisema makubaliano ni makubaliano, yeye hajasikia lalamiko lolote, na Dalali ataambiwa.

Kisha akatabasamu. Akaniomba niwatoe wote wawili, tupite ile barabara ndefu ya kando ya mto. Ile niliyokuwa nampitisha mwaka wa kwanza wa ndoa, nikimchukua shuleni, tunazunguka weee ndipo turudi nyumbani. Niliacha kumpitisha kule tangu nikate springi, kwa kuogopa mashimo. Mimi nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau.

Moyo ulinijaa. Nikachukua ufunguo, nikatoka mbio, nikawasha.

Hakuwaka.

Fyuzi! Nikarudi sebuleni. Fyuzi iko ndani ya mto. Na juu ya mto ameketi mama mkwe, na mguu wake ameunyoosha juu ya kigoda.

Nifanyeje? Kumwinua ni kumtesa. Kupenyeza mkono pale alipokaa, Mungu aniepushe! Nikamsifia maua ya nje. Alisema anayaona kutoka hapo hapo. Nikamwambia kiti kile kingine kina upepo. Alisema hapendi upepo. Mwisho nikasema nasikia harufu ya gesi.

Mama akatoa miguu yote miwili pamoja, akashika mkono wa sofa, akasimama, akatoka hadi uani. Nikauvamia mto. Nikaipata! Nilipoinua kichwa, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa amekwenda kokote. Jikoni kwetu tunapikia umeme.

Aliuliza kama kile kidude ni cha gari. Nikakubali. Akauliza nani alikiweka pale. Nikaanza habari za unyevu na kutu. Akaniinulia kiganja. Alisema gari angelivumilia hata miaka saba mingine. Kinachomshinda ni kuuliza mto uko wapi na asipate jibu la kweli. Hakupaza sauti. Heri angepaza.

Niliona aibu. Aibu ya kweli. Naiandika hapa nisije nikaisahau.

Ndipo Dalali akabisha hodi na mnunuzi wake. Mke wangu alisema gari linauzwa. Dalali akataja bei, mnunuzi akaanza kuguna ili apunguziwe. Mama, akiwa bado pale uani, akataja bei ya juu kuliko hiyo. Wote tulimgeukia. Alisema binti yake wa mwisho anajua kuendesha, goti linapona, na yeye hajapata kuwa na kitu chekundu chake mwenyewe. Mnunuzi alimwangalia Dalali. Dalali alimwangalia mama, kisha akaangalia viatu vyake.

Nikamkabidhi mama mkwe ufunguo. Kwa mikono miwili.

Jumamosi, 22 Machi

Mama ameondoka leo. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuja kumchukua. Mama aliacha kilemba akajifunga kitambaa kidogo, akakaa, akazungusha miguu yote miwili pamoja, na kabla hawajavuka geti alikuwa ameshabonyeza kitufe. Nilimsikia Chiriku hadi alipokata kona. Nililia. Dalali alinipa leso, na hilo nitamkumbuka nalo.

Sisi sasa tuna lile gari refu la kijivu. Ngazi inatoka yenyewe kweli. Mke wangu anakaa wima, anaona mbali, anafurahi. Tumeshapita barabara ya mto mara kadhaa. Jana alinishika mkono njiani. Nikamwahidi kuanzia sasa hakuna hila, hakuna kuficha, nikimaanisha kila neno.

Leo jioni, nikilifuta vumbi, nimeona kitu. Kati ya tairi na bodi pana nafasi ya kuatamia kuku. Inatia aibu. Gari zima linaonekana limevaa suruali fupi. Likishuka vidole viwili tu litapendeza, na nani atajua? Mama atarudi mwezi wa sita kwa goti la pili, lakini kushuka si anajua?

Nimempigia fundi. Amenikataza mara tatu. Nimemwambia gari ni langu. Anakuja na msumeno wake Jumatatu, mke wangu akiwa shuleni.