Dirisha la Yustus Upande wa Migomba

(Maneno ya Bwana Cassian Rwegoshora, Karani Mkuu wa Gombolola na Mwenyekiti wa Komiti ya Dirisha, ndani ya kanisa la Kiruruma, mwaka 1951, mbele ya shuka jeupe lililotundikwa ukutani.)

Mheshimiwa Mwami wa Gombolola, mtawala wetu, ambaye amepata udhuru, Baba Padri, mlezi wa roho zetu na mwenye mabenchi tuliyokalia, Waheshimiwa Wazee wa Baraza, mlio macho na mliopumzika, Bwana Mifugo, Bwana Mnunuzi wa Kahawa kutoka Nkwenda, askari wastaafu wa Keya, jeshi la Mwingereza, mliovaa medali na mliozisahau nyumbani, Ma Kokugonza, mama mzazi wa marehemu, binti yake Xaveria, dada wa marehemu, mabibi na mabwana, nanyi mliosimama nje kwa ufinyu wa nafasi: nawasalimuni nyote, kila mtu kwa ngazi yake! (Makofi. Mzee mmoja anazinduka.)

Nina heshima isiyo na kipimo kusimama hapa, mimi mwenyewe binafsi, katika ufunguzi rasmi wa Memoriali ya kijana wetu Yustus, aliyekwenda vitani Bama kule Asia na Keya asirudi, wala kaburi lake hatulijui, ndiyo maana familia yake ikaomba jambo moja tu, dirisha la vioo vya rangi katika ukuta huu wa upande wa migomba, na ombi hilo lilipofika mezani kwangu halikulala hata kidogo... (Xaveria: "Lililala, Bwana Karani! Lilikoroma!" Kicheko.) Halikulala, binti yangu. Lilikuwa katika prosesi.

Maana dirisha, waheshimiwa, halianzi na tundu, linaanza na plani, na plani inaanza na Komiti, na Komiti yetu ikazaa Komiti Ndogo ya Rangi, ambayo ilijadili buluu masika yote bila kuchoka, ikahamia kwenye nyekundu, ndipo nami nikajitolea kusafiri hadi Bukoba kufanya utafiti wa kitaalamu, nikachunguza chupa za kijani na za kahawia, na kwa kuwa rangi halisi ya kioo haionekani mpaka chupa iwe tupu, nililazimika kwanza kuzimaliza. (Kicheko. "Pole na kazi!") Asante. Leo natangaza kwa fahari kwamba mawazo ya mradi huu yamekamilika kwa asilimia mia moja! (Makofi ya Wazee wa Baraza.) Na niseme bila kujisifu, kwa kuwa kujisifu si tabia yangu, kwamba bila mimi...

(Ma Kokugonza anasimama taratibu, ameshika bega la Xaveria. "Cassian, mwanangu.")

Naam, Ma. Shikamoo.

("Marahaba. Habari za vioo nimezisikia. Habari za mtu sijazisikia. Ulisoma naye. Humu wamejaa watoto ambao hawakumwona. Waambie alikuwa nani.")

(Mwenyekiti anatazama karatasi zake, kisha anazikunja.)

Ndiyo, Ma. Yustus... alikuwa mtu wa kucheka. Hakuweza kujizuia. Kanisa la zamani, lile la matete na udongo, lilikuwa hapa hapa, na Jumapili moja katekista akapiga chafya katikati ya litania. Yustus akacheka, akatolewa nje. Tukadhani amekwenda zake mtoni kuoga. Katekista akaendelea kuwataja watakatifu, na tulipoitikia tukasikia sauti inaingia dirishani kutoka kwenye migomba: "Utuombee!" Ilitushinda sote tuliokuwa ndani. Katekista alijifanya hasikii, lakini kila akitaja jina alikuwa anaisubiri ile sauti ya nje imalize. (Kicheko kidogo.) Baada ya hapo Jumapili nyingine alitolewa, na nyingine alijitoa mwenyewe.

Siku ya kuondoka na Keya alipita pale nje tukiwa kwenye sala, amevaa kaptura ya jeshi. Hakuingia, wenzake walikuwa wanamngoja barabarani. Akapenyeza mkono dirishani. Wewe, Ma, ulikuwa umekaa pale, ukaushika. Litania ikaisha, watu wakatoka, na mkono ulikuwa bado haujaachiwa.

(Ma Kokugonza: "Ni hapo. Mlipojenga kwa matofali mkapaziba. Mimi sikuomba urembo, Cassian. Niliomba pafunguliwe.")

(Mwenyekiti anajipangusa uso, anakunjua karatasi.) Naam. Basi, waheshimiwa, kwa kuhitimisha, napenda kutoa shukrani zangu za dhati kwa fundi wa vioo, ambaye anatafutwa. Kwa vioo vyenyewe, ambavyo vitaagizwa mara tu buluu itakapopitishwa. Kwa waashi watakaoteuliwa. Na kwa tundu, ambalo lipo, kwa maana ya kwamba lipo katika plani, kwa hiyo ningeomba shuka hili lisiguswe mpaka... (Xaveria anavuta shuka. Ukuta mzima, mweupe, bila tundu, umepakwa chokaa jana.) ...mpaka chokaa ikauke.

(Kicheko kinaanzia nje na kuingia ndani. Ma Kokugonza hacheki. "Baba Padri, nina ruhusa?" Padri anautazama ukuta, anamtazama mama, anaitikia kwa kichwa. Ma anawageukia askari: "Nendeni mkalete mtaimbo." Askari wawili wa Keya wanatoka mbio na medali zao.)

Waheshimiwa, utaratibu! Komiti haijakaa! Idumu Komiti ya Dirisha! (Pu! Askari wamerudi, mtaimbo unagonga ukuta.) Yadumu maendeleo ya Gombolola! (Pu! Tofali linaanguka nje, mwanga unaingia na harufu ya majani ya migomba.) Idumu... Ma, kaa hapa mbele, vumbi halifiki. Hapo. Unaona nje?

("Naona, mwanangu. Ongezeni, mkono haujapita.")

Asanteni kwa kunisikiliza. Na wewe wa mtaimbo, pumzika kidogo, ngoja nivue koti.