Ombi la Kuzuia Shikamoo Dakika za Mwisho za Mnada

Kilosa,
9 Juni 2014

Ndugu Mwenyekiti Pastory, na kupitia kwako wanachama wote mtakaokutana Dumila Jumapili ijayo,

Natanguliza heshima zangu, nikitumaini kwamba barua hii itasomwa kwa sauti na mtu mwenye miwani safi. Kwa faida ya wanachama wapya, umoja wetu hukusanya midoli iliyoingia nchini miaka ile ya ruksa, maduka yalipojaa tena na watoto wetu walipokuwa wameshazoea magari ya makopo yenye magurudumu ya kandambili. Kila Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja jioni, Bi. Magreti huendesha mnada katika kundi letu la simu. Hutuma picha, watu hupanda dau, na ikitimu saa kumi na mbili kamili mwenye dau la juu huchukua mzigo.

Ninalalamikia shikamoo za Ndugu Ngolo Mhoja wa Tindiga.

Najua neno hili litawashtua. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, na humo ukumbini wamo waliowahi kupiga magoti juani kwa kosa la kunipita bila kuniamkia. Nawaomba hao hasa wanisikilize kwa utulivu.

1. Kijana huyu hakai nasi mnadani saa nzima. Hutokea zikiwa zimebaki dakika tatu, akaandika, "Shikamoo Mwalimu. Habari za Kilosa?" Kifungu cha nne cha katiba yetu kinasema kwamba mwanachama aliyeamkiwa hatapanda dau kabla hajaitikia. Kifungu hicho nilikiandika mimi mwenyewe ili kuwafunza vijana adabu. Sikutegemea kwamba wangejifunza.

2. Mimi naandika kwa kidole kimoja. Marahaba ina herufi nane. Nikiigusa ya mwisho, Ngolo ameshauliza hali ya mguu wangu, na mtu hawezi kuulizwa habari ya mguu wake akajibu kwa kutaja bei. Namwambia mguu unaendelea vizuri. Anauliza mahindi. Kwa malezi niliyopewa na mama yangu, nami sina budi kuuliza ng'ombe wake, nao si wachache. Tunapofika kwenye yule mtamba anayechechemea, Bi. Magreti ameshaandika, "Mara ya tatu. Umekwenda kwa Ngolo."

3. Kwa njia hiyo nimepoteza mdoli wa kufumba macho, tarumbeta la plastiki na pikipiki ya polisi. Haya niliyavumilia. Juzi Jumamosi, hata hivyo, lilinadiwa gari moshi jekundu la bati, la kutia ufunguo, ambalo gurudumu lake moja la nyuma ni kizibo cha soda. Kizibo hicho nilikigongomea mimi. Gari moshi lile nililinunua hapa Kilosa mwaka 1988 kwa ajili ya binti yangu Fausta. Mwaka 1991 alikuja mkaguzi wa shule na mwanawe, mtoto akaliona, akalia, nami kwa kumwogopa baba yake nikalitoa. Fausta alikuwa na miaka saba. Hakulia. Aliendelea kuniamkia kila asubuhi, kwa sauti ya chini, na nina hakika sauti ile haijapanda mpaka leo. Anakuja likizo mwezi wa nane. Nilikuwa nimeshapangusa vumbi mahali pa kuliweka.

Dau langu lilikuwa la juu mpaka dakika tatu za mwisho. Ngolo akaweka lake, kisha akaniamkia.

4. Nilipolalamika kundini, alinijibu hivi, na nanukuu: "Nisamehe Mwalimu. Huku Tindiga mtandao naushika juu ya kichuguu tu, tena nikishafunga ng'ombe. Nikifika ndo nakuta wakubwa wote mpo. Sasa nipite kimya kama mgeni?" Kundi zima likamsifu. Winnie wa Mikumi alimpigia makofi sita ya picha; niliyahesabu. Hapo ndipo ubaya wa jambo hili ulipo, Ndugu Mwenyekiti, kwamba haliwezi kushtakiwa. Mtu angeninyang'anya gari moshi barabarani ningepiga yowe na watu wangekuja. Huyu ananiheshimu mpaka naondoka mikono mitupu, na mashahidi wote wanasema amelelewa vizuri.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali kwamba shikamoo zisitolewe wala kupokelewa robo saa ya mwisho ya mnada. Ikionekana kwamba hilo ni kali mno, basi wazee tukabidhi marahaba zetu za mwaka mzima kwa Katibu kila Januari, naye awe anatoa moja moja kwa niaba yetu huku sisi tukiendelea na dau. Katibu akilalamika kwamba kazi ni nyingi, itamkwe kwamba mwanachama hana umri wakati wa mnada, na kila mmoja arudishiwe umri wake saa kumi na mbili na dakika moja. Na kama katiba haiwezi kuvumilia watu wasio na umri, basi niko tayari kuumia peke yangu: nitangazwe rasmi kuwa mdogo wa Ngolo, kila Jumamosi, kwa muda wa saa moja. Nitamwamkia mimi, aitikie yeye, nami nitamuuliza ng'ombe wake mmoja baada ya mwingine, kwa majina.

Wasalimieni wanachama wa Mikumi, Mvumi na Dumila, pamoja na Bi. Magreti na sauti yake ya maandishi. Msalimieni na Ngolo, ila salamu hii asiijibu.

Ni mimi mwenzenu katika kutunza vya zamani,
Mwl. Yohana Chedego (mstaafu)

N.B. Jumamosi, 14 Juni. Barua hii isisomwe.

Jioni ya leo Ngolo amelirudisha gari moshi mnadani, kwa kuwa moyo wake umehamia kwenye tingatinga. Dau la juu likawa la Bibi Joha wa Mikumi, mwenye miaka themanini na moja. Mimi nina sitini na tisa. Zikiwa zimebaki dakika tatu, nikaona aibu kwamba sijamwamkia mtu mzima yule tangu mnada uanze. Nikaweka dau langu, kisha nikaandika, "Shikamoo Bibi Joha. Goti linaendeleaje? Na mbuzi?" Bibi Joha amelelewa vizuri kuliko sisi sote. Alikuwa bado anaandika Bi. Magreti alipotamka mara ya tatu, na gari moshi la Fausta linarudi nyumbani.

Dakika kumi baadaye, pasipo kitu chochote mnadani, Ngolo alituma kutoka kichuguuni, "Shikamoo Mwalimu. Mguu?" Nilimjibu kwa kirefu. Yule mtamba amepona.

Naomba kifungu cha nne kibaki kama nilivyokiandika. Mkiona ni lazima barua hii isomewe mtu, asomewe Bibi Joha, taratibu, atakapomaliza kuniitikia. Kwa sasa amefika kwenye mbuzi wa tatu.