Matone Manne, Sikio la Kulia

Jumatatu, 3 Machi
Sikio la kulia lawasha tangu Ijumaa. Nimelikuna kwa kifuniko cha kalamu. Raha ya ajabu! Kufika jioni raha imekwisha, linauma. Simu zote za ofisi nimezipokea kwa la kushoto. Siku nzima nasikiliza watu wanaomtafuta mtu mwingine. Miaka kumi na tisa mezani pale, hajapiga hata mmoja kunitafuta mimi.

Jumanne, 4 Machi
Zahanati. Muuguzi kanivuta ndewe ya sikio, nikaruka hadi dirishani. Akasema basi, ugonjwa uko kwenye tundu la nje. Ungekuwa ndani zaidi, kuvuta kusingeuma hivyo. Kuwasha, majimaji, kuziba: dalili zake zote ninazo. Akauliza nilitia nini. Nikasema sikutia kitu. Kitambaa chake kikatoka na wino wa bluu. Aibu!

Dawa: matone manne asubuhi na jioni, siku saba. Nilale ubavu dakika tano. Maji yasiingie. Nisitie kitu tena, hata kidole. Mwisho akasema mtu wa nyumbani anitilie. Nikaitikia. Nyumbani tuko mimi na kiti.

Jumatano, 5 Machi
Nimejitilia mwenyewe. Mawili shingoni, moja puani, moja kwenye mto. Nikabisha mlango wa pili, kwa mshonaji, mjane. Kanilaza kwenye benchi katikati ya vitambaa, katia matone, kaanza kisa cha bibi harusi na gauni lililogoma kufunga. Dakika tano zikawa ishirini. Nusu sikuisikia, maana sikio zima nilikuwa nimelilalia. Sijali. Muda mrefu hakuna aliyenisimulia kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Pigo! Nimemkuta Fundi Saa wa mtaani kwetu kwa mshonaji, eti kaleta suruali ipunguzwe. Suruali ya tatu mwezi huu. Mtu huyo ana miguu mingapi? Kasema mkono wake hautetemeki, atanitilia yeye. Katia. Dakika tano kamili kwa saa yake, bila neno. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini mmoja alikuwa amelazwa ubavu. Nimerudi chumbani mapema.

Jumapili, 9 Machi
Balaa. Haliumi. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Langu limesikia, tena upesi mno. Mpango: kuguna. Jioni nimeguna vizuri, nikamwambia mshonaji linakata kama kisu. Kisha nikaanza kuisifu cherehani yake. Katikati ya sifa nikaona mkono wake uko kwenye ndewe yangu, anaivuta. Sijui alikuwa akiivuta tangu lini. Alicheka kidogo.

Jumanne, 11 Machi
Dawa iliisha jana. Mshonaji alinisindikiza mpaka mlangoni, akasema: "Kaka, wewe umepona tangu jana. Mlango huu hauulizi ugonjwa. Njoo tu jioni, tuzungumze."

Maneno mazuri. Adabu ya watu waliolelewa. Lakini mtu hubishaje mlango wa wenzake bila hata maumivu? Nitasema nimefuata nini?

Leo nimetoka kazini, nimekaa kitini. Cherehani yake inasikika ukutani, kwa masikio yote mawili. Upweke huu unaniumiza kuliko lile sikio, niandike tu, hakuna anayesoma.

Nimekitafuta kifuniko cha kalamu, kilikuwa chini ya meza. Bado lipo la kushoto.