Pasi Yangu Si ya Makumbusho

Ndugu Mtunzaji Mkuu wa Makumbusho ya Mji,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima, maana mimi umenivunjia nyumba. Mimi ni fundi cherehani. Jumamosi nilimpeleka mke wangu kutembea mjini, safari niliyomwahidi kabla kitinda mimba wetu hajaota meno. Sasa ana ndevu. Tuliingia kwako kwa sababu jua lilikuwa kali na ndani kuna viti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chumba cha pili, kwenye kabati la kioo, mmeweka pasi ya mkaa yenye kibao: "Ilitumiwa na watu wa kale." Pasi kama hiyo ndiyo iliyonyoosha shati nililovaa asubuhi ile ile. Miaka yote nimemwambia mke wangu kwamba pasi ya umeme ni ya wavivu, naye akaniamini. Mbele ya kibao chako imani hiyo ilikwisha.

2. Dada anayetembeza wageni alimuuliza kama amewahi kuona kitu kama kile. Mke wangu akajibu, "Mwanangu, juzi imenitobolea gauni." Wageni wote wakageuka kunitazama mimi, wakaacha vitu walivyokuja kuviona.

3. Kumbe si pasi tu. Redio ya mbao, ninayo. Kitanda cha chuma cha springi, ninacho. Mke wangu alipita kabati baada ya kabati bila neno, na wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

4. Mshindo ulifika tuliporudi. Ameweka mto mrefu katikati ya kitanda, akisema mmekataza kugusa vitu vya kale, na mimi ndiye wa kale kuliko vyote. Leo ni siku ya nne. Nimeumia, ndugu yangu, sifichi.

Kwa hiyo naomba kibao kiandikwe upya: "Bado inatumiwa, tena na mafundi hodari." Ikishindikana, nyumba yangu itambuliwe rasmi kuwa tawi la makumbusho, nami niajiriwe kuwa mtunzaji wake, ili angalau niwe na ruhusa ya kugusa.

Nisalimie dada wa kutembeza wageni, bawabu, na yeyote aliyeing'arisha pasi ile kuliko yangu.

Nakuheshimu, nikiwa bado natumika,
Fundi Cherehani

N.B. Nilipokuwa nikinyoosha suruali ili nikuletee barua hii kwa mkono wangu, cheche imetoboa goti. Mke wangu amecheka hadi akakaa chini, kisha akaenda kuutoa ule mto. Basi pasi njooni mchukue, na kibao kiacheni kama kilivyo. Ila kesho msije mapema.